Safari ya Kwenda Kuangalia Watu Wanaoga

Tangu turudi, sijapita barabara ya Kasenga, hapa Uvira, bila mtu kunisimamisha. Wa kwanza alikuwa fundi viatu aliye jirani na shule yetu. Aliuliza watoto wameleta kombe gani. Nikamwambia hawakushindana, walikwenda kutazama tu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Sasa nimechoka kueleza nusunusu huku pikipiki zinanipigia honi, ndiyo maana nimekaa chini niwaandikie yote mara moja, pamoja na ile sehemu ambayo huko barabarani huwa naikwepa.

Kwa wale ambao hawanijui vizuri: mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na kila alasiri nafundisha watoto kuogelea ziwani, kwenye kipande cha ufuko ambacho wavuvi wametuachia. Hatuna bwawa. Tunafunga mitumbwi miwili, mmoja mbali na mwenzake, na mashindano ni kutoka mtumbwi huu hadi ule. Aliyenifundisha ni marehemu baba yangu, mvuvi, na kanuni yake ilikuwa moja: kichwa kikae juu ya maji, uone wimbi linalokuja, uone nyavu, uone kiboko kabla hajakuona. Kanuni hiyo imenifikisha umri huu, nami niliwapa watoto wote jinsi nilivyoipokea.

Siku moja tukapata mwaliko: kocha mmoja na watoto wawili waende Kigali kutazama mashindano ya waogeleaji wakubwa kutoka nchi nyingi. Mambo ya barua na makaratasi nayaruka. Watoto walichaguana wenyewe. Wavulana wakamchagua Byamungu, miaka kumi na mitano, ambaye hajawahi kunikatalia neno. Wasichana wakamchagua Sifa wa mtaa wa Kilibula, miaka kumi na mitatu, na huyo mimi nisingemchagua.

Sifa alikuwa na tabia ya kutumbukiza uso majini. Alikuwa na kasi, sikatai, lakini alikwenda kama kipofu. Nilimwonya. Nikamkalisha mchangani wenzake wakiogelea. Siku moja akaja na simu ya mjomba wake kunionyesha video ya watu wanaogelea hivyohivyo. Nikamwambia simu si ziwa, na sikuitazama hadi mwisho. Mwishowe nilikwenda kwa mama yake, anayeuza samaki aina ya mukeke sokoni na ambaye hajui kuogelea hata kidogo, nikamwambia binti yako hasikii, iko siku ziwa litamchukua. Mama Sifa aliogopa, akamfungia nyumbani mwezi mzima. Aliporudi kwetu alikuwa mpole, kichwa juu, na mzito majini. Mimi nikajiona nimeshinda.

Kasenga mpaka mto Runingu

Tuliondoka asubuhi kwa taksi, tukitegemea kufika Kamanyola mchana na kuvuka mpaka kuingia Rwanda siku hiyohiyo. Mvua ya milimani ilikuwa na mpango mwingine. Tulipofika Runingu, mto ulikuwa unapita juu ya barabara, rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magogo. Malori yalikuwa yamepanga foleni, na shofere wetu alizima gari, akatandika kitambaa chini ya gari, akalala.

Tulikaa pale tangu saa tatu mpaka saa tisa. Wanawake wa karibu walishazoea. Hawakukawia kutokea na mahindi ya kuchemsha, karanga, na mihogo ya kuchoma. Kando yetu alikuwepo muzee mmoja mchungaji, ametoka milima ya juu na ng'ombe wake wanane, kofia kichwani, fimbo mabegani. Byamungu, ambaye kukaa bure kunamuwasha, alisimama akaanza kuvua shati.

"Mwalimu, niingie nipime kina?"

Kabla sijajibu, yule muzee akacheka. "Kijana, ng'ombe wangu wanajua maji kuliko weye, na hakuna mumoja ameomba kuingia."

Byamungu akavaa shati. Mchungaji akatueleza jinsi anavyowavusha wanyama wakati maji yakipungua: ng'ombe ananyoosha shingo, pua juu, anapiga miguu taratibu. Nikaona nafasi ya kufundisha, na mwalimu akiona nafasi haiachi.

"Mumesikia?" nikawaambia watoto. "Hata ng'ombe iko anaweka kichwa juu."

"Ndiyo, Mwalimu," Sifa akasema, akiwa ameangalia mahindi yake.

Naandika hili kwa aibu. Nilimlinganisha mtoto na ng'ombe, na ng'ombe ndiye niliyempa ushindi.

Kamanyola

Maji yaliposhuka tukavuka kwa zamu, gari moja moja. Tulifika Kamanyola jua linakwenda kuzama na mpaka umeshafungwa. Hatukuwa na mtu pale. Ndani ya taksi tulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, Mama Neema, ambaye njia nzima alilalamika juu ya miguu mirefu ya Byamungu. Alipoona tumesimama na mifuko yetu, akauliza tunalala wapi. Nikasema tutaona. Akasema, "Kuona nini? Kujeni."

Kwake tulikula wali wa mpunga wa pale bondeni, maharage na mboga za lengalenga. Nilitoa kipimo cha ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, katika zile tulizobeba kuwapelekea wenyeji wetu wa Kigali, na watoto wa nyumba wakazishangilia kuliko wageni. Baada ya kula, Mama Neema akataka kujua hasa tunakwenda kufanya nini. Nilipomweleza, alishika kifua. Kaka yake alichukuliwa na mto Ruzizi wakati wakiwa wadogo, na tangu hapo yeye anachota maji kwa kikombe tu, haingizi mguu.

"Nionyeshe," akamwambia Sifa. "Muntu anafanya je ili asizame?"

Sifa akalala kifudifudi juu ya benchi. Alinyoosha mikono, na bila kufikiri akashusha uso, akavuta mkono mmoja, akageuza shavu kidogo pembeni kuvuta hewa, akarudisha uso. Ilikuwa nzuri kutazama. Hata mimi niliona.

"Kichwa," nikasema.

Akakiinua palepale. Shingo ikakakamaa, kiuno kikashuka, miguu ikaanza kuhangaika. Mama Neema akatazama mkao ule wa pili, akatikisa kichwa.

"Hapana, ile ya kwanza ilikuwa na amani," akasema.

Nilibadilisha mazungumzo.

Mpakani

Asubuhi tulikuwa wa kwanza. Afisa wa upande wetu alikuwa kijana mwenye sauti ya upole na maswali mengi. Akaniuliza nakwenda na watoto hawa kufanya nini. Kwetu, kama mnavyojua, neno kuoga hutumika kwa anayenawa mwili na hata kwa anayeogelea.

"Tunaenda kuangalia watu wanaoga," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Mama. Munatoka Uvira?"

"Ndiyo."

"Uvira kwenye ziwa?"

"Ndiyo."

"Na munaenda mpaka Kigali na batoto, kuangalia watu wanaoga."

Nikajaribu kueleza: wanaoga kwa kushindana, wanaoga kwa haraka, kuna krono ya kupima muda. Kila neno liliongeza ubaya. Akamwita mwenzake aje asikie. Byamungu alikuwa amejikunja kwa kicheko. Aliyetuokoa ni Sifa: alisogea mbele ya meza, akafanya mikono yake kama anakata maji, mara tatu, kwa heshima kabisa.

"Aaah! Natation!" afisa akasema kwa Kifaransa. "Sasa ndio useme hivyo, Mama."

Upande wa pili wa daraja tulikutwa na kosa lingine. Ndagala zetu zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, na huko mifuko hiyo hairuhusiwi. Mfuko ukachukuliwa, ndagala tukaachiwa, zimelala mezani kama kilima kidogo. Byamungu akatoa taulo yake tuzifungie. Kuanzia saa ile mpaka tunarudi nyumbani, tulijulikana kwa harufu hata kabla ya kuonekana.

Msituni

Basi la kwenda Kigali linapita msitu mkubwa wa milimani, kona juu ya kona. Baridi ilikuwa ya kushangaza watu wa ziwani. Sifa alitapika mara mbili. Bibi mmoja Mnyarwanda, tusiyeelewana naye lugha, alimpa ndimu anuse, akavua mtandio wake akamfunika, kisha akanisema kwa muda mrefu. Nilimwitikia "yego" kila aliponyamaza. Baadaye kijana wa kiti cha nyuma alinitafsiria: bibi alikuwa anauliza kwa nini nimemleta mtoto bila sweta, na mimi nilikuwa nikikubali kwamba ndiyo, ni uzembe wangu.

Tulifika mchana umeshaisha. Wenyeji wetu walitupokea vizuri, wakapokea na ndagala, taulo wakairudisha.

Siku ya kwanza bwawani

Jambo la kwanza ni harufu. Byamungu alisimama mlangoni akasema pana harufu ya javeli ya kuulia vijidudu, kama maternité wanakojifungulia akina mama. Jambo la pili ni kwamba unaona chini. Ninyi mnaolijua ziwa letu, fikirini maji yenye kina cha kumzidi mtu mzima, na unahesabu vigae vya sakafu. Sifa alichuchumaa ukingoni akayatazama mpaka nikamwita.

Kabla ya mashindano, waogeleaji walikuwa wanaogelea polepole, huku na huku, muda mrefu sana. Byamungu alitoa kaye yake, daftari la safari. "Mwalimu, hawa mbona ni wazito?" Nikamwambia tusubiri.

Kisha filimbi. Wanane wakapanda kwenye vibao vyao vya kurukia, wakainama, na ile kelele yote ya ukumbi ikakatika. Walipoingia majini, sikuona watu, niliona mistari. Walifika ukutani, na aliye mbele akajiviringa, miguu juu, akapotea.

"Amezama!" Byamungu akapiga kelele. Watu wa safu tatu mbele yetu waligeuka kututazama. Yule "aliyezama" alikuwa ameshaibukia mbali, akiendelea.

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini macho yangu yalikuwa majini. Nilikuwa natazama vichwa. Wanawake kwa wanaume, wakubwa kwa vijana, wote wanane, halafu wengine wanane, halafu wengine. Uso chini, macho kwenye vigae, shavu linageuka pembeni kuchukua hewa na kurudi. Hakuna hata mmoja aliyeogelea kama nilivyofundisha. Ilikuwa ileile ya kwenye benchi la Mama Neema.

Sikumgeukia Sifa.

Byamungu, ambaye moyo wake hauna hila, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, mbona wote wanaangalia chini?"

Nikamjibu, "Ni juu maji yao haina mawimbi."

Si uongo mtupu. Bwawa halina wimbi, halina nyavu, halina kiboko. Lakini nililisema ili kujificha, na mtu anayejificha anajijua. Byamungu akaandika jibu langu kwenye kaye. Nilitazama kalamu yake ikitembea nikatamani kuikamata.

Siku ile nzima watoto walijifunza vitu ambavyo mimi sikuwaonyesha. Byamungu aliona kwamba kabla ya kupanda kibaoni hakuna anayemwangalia mwenzake; kila mmoja yuko na maji yake tu. Aliona kwamba aliyekuwa wa mwisho kabisa, nyuma kwa urefu wa mtumbwi, alimaliza kwa mwendo uleule, akagusa ukuta kwa nguvu kama aliyeshinda. Hilo lilimgusa, maana kwetu mtoto akiona ameachwa husimama akaanza kutembea. Sifa hakuandika kitu. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Nilipomuuliza akasema anahesabu mikono: wa kwanza anapiga michache kuliko wa mwisho.

Siku ya pili

Msichana mmoja wa Kenya, kofia nyekundu, alikuwa kipenzi cha ukumbi. Siku ya kwanza alishinda kila alipoingia. Siku ya pili tulipata viti upande wa ukuta wa kumalizia, karibu kiasi cha kulowana.

Katika mbio zake za mwisho alikuwa mbele tangu mwanzo. Zilipobaki mita chache, msichana wa mstari wa pili alianza kumkaribia. Wote tulisimama. Na pale, mikono miwili kabla ya ukuta, kofia nyekundu ikanyanyuka. Kidevu kikatoka majini. Alitazama pembeni, mara moja tu, kama mtu anayegeuka akisikia jina lake. Kiuno kilishuka. Mkono wa mwenzake ukagusa kwanza.

Ukumbi uliguna. Mimi nilikaa chini.

Nilisema nakwenda chooni. Nikapotea njia, nikatokea nyuma, kwenye bwawa dogo ambamo wanaogelea polepole baada ya mbio. Yule msichana alikuwepo tayari, ameshika ukingo, anahema. Kocha wake, mwanamume mnene mwenye kaptula, alichuchumaa mbele yake. Nilijiandaa kusikia makaripio.

"Nilinyanyua kichwa," msichana akasema kabla hajaulizwa. "Niliogopa, nikataka kumwona. Kosa ni langu."

"Nimeona," kocha akasema. "Sawa. Sasa ogelea taratibu mpaka pumzi irudi, tutaongea tukila."

Basi. Akavaa miwani yake, akaenda zake, uso chini, taratibu.

Yule binti alichukua dakika chache kusema neno ambalo mimi nilikuwa nalo mdomoni tangu jana asubuhi, na nikisema kweli, tangu siku ya ile simu ya mjomba. Na yeye alipoteza mbio yake mwenyewe. Mimi nilipoteza mwezi wa mtoto wa mtu.

Alipotoka majini nilimsalimia, nikamwomba awaone watoto wangu. Alikubali bila maringo. Kiswahili chake na chetu viligongana kidogo, lakini Sifa alimuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mimi: sisi tuko na ziwa, na mawimbi, na mitumbwi, tukiweka uso chini tutaona je?

"Hata mimi naogelea baharini," yule dada akasema. "Kila baada ya mikono sita au nane, unatoa macho tu. Si kichwa, macho. Unaangalia mbele, unarudi chini. Kama mamba."

"Kama kiboko," Sifa akasema.

"Sijawahi kuona kiboko akiogelea."

"Kuja kwetu," Sifa akamwambia. "Utamuona macho na masikio tu. Na ukimuona, toka haraka."

Tulikula kwenye ngazi za nje, chapati na maharage. Nikasubiri Sifa ameze.

"Sifa, weye ulikuwa na haki," nikasema. "Minye nilikosea. Na nilienda kwa mama yako nikasema hausikii. Haikuwa kweli. Ulikuwa unaogelea vizuri kuliko nilivyokuwa najua kufundisha."

Sifa akakunja chapati yake. "Ule mwezi," akasema, "nilikuwa naogelea kwenye kitanda. Uso kwenye mto. Mama alifikiri niko nalia."

Nilidhani jambo limefika mwisho, na kwamba zito limekwisha. Byamungu akaweka sahani yake chini.

"Miaka tatu, Mwalimu," akasema. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Sifa alikatala kukusikia, na yeye ndiye anajua. Minye nilikusikia kila siku."

Alifungua kaye, akatafuta ukurasa wa jana, akalifuta jibu langu kwa mstari mmoja ulionyooka.

Kurudi

Njia ya kurudi nitaisema kwa ufupi, ingawa yenyewe haikuwa fupi. Msituni Sifa hakutapika. Mpakani yule afisa mpole alituona kwa mbali akaita, "Hao watu wa natation! Waliwafundisha kuoga?" Kamanyola tulimpitia Mama Neema kumpa sabuni ya shukrani, akatulazimisha kukaa mpaka wali uive, na tukakosa taksi ya kwanza.

Ya pili iliharibika karibu na Luvungi. Shofere aliingia chini ya gari, akatoa kifaa kimoja, akakiangalia kama hakijui, akapanda pikipiki kwenda kutafuta kingine. Tulikaa kando ya mashamba ya mpunga. Byamungu alikuwa amesimama mbali nasi, mikono mifukoni. Nikamwendea.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Nilikuwa nitamwambia kwamba kanuni ya baba yangu iliokoa watu, kwamba ziwa si bwawa. Yote kweli. Lakini nilipofika karibu yake niliona anafanya kitu kwa shingo: anaishusha, anaigeuza pembeni, anavuta hewa, anairudisha. Anajaribu, akiwa amesimama barabarani, na misuli ya miaka mitatu haitaki. Nikasahau hotuba.

"Nikuombe radhi," nikamwambia. "Kunisikia haikuwa kosa lako."

"Itachukua wakati gani kubadilisha?"

"Sijui."

"Nitakuwa mzito kwanza?"

"Nafikiri ndiyo. Kwanza utakuwa mzito."

Aliitikia kwa kichwa. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Baada ya muda akaniambia nisimame kando yake nihesabu mpaka sita, atoe macho. Nikahesabu. Wakulima waliokuwa wanapita na majembe walitutazama, wakatusalimia kwa uangalifu, wakapita.

Kilibula

Tulifika nyumbani usiku. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikwenda kwa Mama Sifa. Alikuwa anapanga samaki kwenye beseni kwa ajili ya soko. Alinipa kiti. Alidhani nimekuja kuleta habari za safari, akaanza kunishukuru, nikamkatiza.

Nikamwambia kila kitu. Alisikiliza huku mikono yake inaendelea, samaki juu ya samaki, mpaka ikasimama.

"Minye nilimufungia mwezi muzima juu ya neno lako," akasema. "Alikuwa analala uso kwenye mto. Nilifikiri mutoto ananichukia."

"Najua. Ameniambia."

"Nilimufungia juu nilikuwa naogopa. Weye uliniambia ziwa litamuchukua. Weye muntu unajua maji."

"Nilikuwa ninaogopa pia," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, hata kwa nafsi yangu.

Akainuka, akanawa mikono, akafunika beseni. Nilifikiri ananifukuza. Akauliza, "Saa ngapi mutaogelea leo?"

Tangu binti yake aanze, Mama Sifa alikuwa hajafika ufukweni hata mara moja. Alasiri hiyo alikuja na kikwembe chake kizuri, kitenge cha kanisani, akasimama mbali na maji kwa hatua kumi. Watoto wote walikuwepo. Nilikuwa nimewaeleza mambo ya Kigali na kosa langu pia, na wadogo hawakujali sana. Walitaka kuona huko kuogelea kama kiboko. Byamungu aliogelea kwanza. Alimeza maji, akakohoa, akaanza tena. Krono ilisema ni mzito kuliko alivyokuwa kabla ya safari, na mpaka leo ninapoandika bado inasema hivyo. Anakuja kila siku.

Kisha Sifa. Nilimwambia aende kwenye mtumbwi wa mbali na arudi. Akaingia, akashusha uso.

Kulikuwa na upepo kidogo, na mawimbi mafupi. Kutoka ufukweni unaona mkono, halafu mkono, halafu hakuna kitu, maji tu. Nilikuwa namtazama yeye na krono, simtazami mama. Nilihesabu sita, macho yakatoka, yakarudi. Sita tena. Aligusa mtumbwi, akageuka. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Alirudi akiwa amelala juu ya maji kama mtu aliye nyumbani kwake, na niliposimamisha krono sikuamini, nikaitikisa.

Sifa akasimama, akafuta macho, akaangalia nyuma yangu. Hapo ndipo nami niligeuka.

Mama Sifa alikuwa ndani ya ziwa mpaka kiunoni, mikono ameinyoosha mbele, kikwembe cha kanisani kinaelea pembeni yake. Sidhani alijua ameingia lini.

"Mama," Sifa akasema, "umelowana."

"Naona," mama yake akasema. Hakutoka. "Rudia tena. Lakini kwanza pumua."